Msitu Ulipobisha Hodi

9 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala salama na hiyo plasta ya mguu haikuwashi sana. Huku hatujambo. Nikisema hatujambo ni mimi, mbuzi na kuku. Baba na Mama wanakusalimu kutoka kule kiwandani, likizo hawajapata. Matokeo ya mtihani hayajatoka, na mimi siyaulizi, nayo hayaniulizi.

Shuleni, katika ile lugha nyingine, tulifundishwa kwamba barua nzuri huanza na jambo lenyewe. Nimejaribu, nikachana karatasi. Kukuandikia bila kukuamkia ni kama kuingia chumbani kwako na viatu. Kwa hiyo shikamoo tena.

Naandika kwa sababu simu ya Baba Mkubwa huwekwa spika, na mimi nikijua nyumba nzima inanisikiliza, ulimi unanikauka. Wewe unajua nilivyo.

Sijasahau alichosema Baba Mkubwa siku ile anakupakia garini. Mvua zikiisha atakuja na fundi. Fundi akisema nyumba inakalika, unarudi. Akisema haikaliki, nyumba na shamba vinauzwa, na wewe unabaki kwake mjini moja kwa moja. Aliposema "inakalika" alinitazama mimi, kana kwamba ukuta ni shavu langu. Basi kila siku nafagia, napiga deki, naziba pale panapovuja.

Nyumba ni nzima. Ule ufa wa sebuleni ni uleule. Kuna kitu kidogo tu: mche umeota katikati ya sebule, pale penye mkeka. Niliung'oa. Asubuhi yake ulikuwa umerudi, safari hii na wenzake. Labda ni unyevu.

Bibi, msitu wa nyuma ya choo huwa unasogea? Nauliza tu. Nakumbuka nilikuwa naenda chooni bila kuinamisha kichwa.

Mjukuu wako


27 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la maziwa, kwa hiyo najua yule dereva wa lori la maziwa bado ni yuleyule. Mpe hii ya kwangu mkononi, usimwachie kijana wake, huwa anafungia karanga.

Mguu upo.

Huku wananitunza. Wameniweka kwenye kiti karibu na dirisha kama jagi la maua, na mkamwana wangu akipita na wageni husema, "Huyu ndiye mgonjwa wetu." Sijawahi kuwa wa watu wengi kiasi hiki. Choo kimo ndani ya nyumba, na mlango wake unatazamana na meza ya chakula. Mimi sisemi kitu. Nakula nikitazama upande wa pili.

Mbuzi mpe magadi. Matokeo yatakuja, hata mvua ya mawe huwa inakuja.

Sasa sikiliza. Mimi nimezaliwa katika sebule ile. Mama yangu kaifagia, mama yake kaifagia, na hakuna siku mche umeota pale kwa sababu ya unyevu. Nakuuliza swali moja, na unijibu bila kuzunguka mbuyu: nani alibisha hodi, na nani aliitikia?

Bibi yako


15 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mbuzi amepata magadi, anakushukuru. Mama Mayai anakusalimu sana, anasema kwa kuwa hupo hana mtu wa kubishana naye bei ya mayai yetu, na maisha yamepoa.

Kuhusu nyumba, nikueleze hali ilivyo. Mche wa sebuleni sasa umefika kwenye dari. Umelikwepa bati kwa adabu, ukapindia dirishani. Jikoni pana utelezi wa kijani, laini, nimezoea kuukanyaga bila kandambili. Chumbani kwako analala paa. Simwiti, simfukuzi. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, kama mfanyakazi wa ofisi. Kitanda chako hakijaguswa, analala chini.

Umeniuliza swali na nimelizunguka ukurasa mzima. Basi.

Ilikuwa mchana, mwezi wa kwanza, nachambua maharage. Nikasikia, "Hodi." Sauti ya kawaida, ya mtu mzima, haikuwa ya kiume wala ya kike. Kitu kimoja nilikiona kikanishangaza, lakini sikukitilia maanani: kuku hawakutawanyika. Walikuwa wamelala palepale njiani.

Bibi, ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Unajua mtu akija mimi hujificha. Mama Mayai akija nasimama nyuma ya mlango nimebana pumzi mpaka aondoke, halafu nakaa nikijilaumu. Shuleni walinipachika jina la Kabati, kwa sababu nipo chumbani na hakuna anayeniongelesha. Mwaka huu ulipoanza nilijiahidi kwamba nitakuwa mtu wa kuitikia. Nilifanya mazoezi na mbuzi. Hiyo hodi ndiyo ya kwanza niliyoitikia.

Nilisema, "Karibu." Kwa sauti kubwa tu, hata mwenyewe nilijipongeza. Nikatoka nje. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na msitu.

Naomba radhi. Niambie la kufanya kabla Baba Mkubwa hajaja. Nikate? Panga limenolewa.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu; kalamu ya humu ndani ilikuwa imefichwa, wanasema nikiandika napandisha presha. Hii ya leo nimeiazima kwa mtu wa kusoma mita za umeme.

Mguu upo.

Kwanza weka panga chini. Mgeni hakatwi. Umemkaribisha mwenyewe kwa mdomo wako, halafu umtokee na panga, watu watatuonaje?

Pili, kosa ni langu. Katika nyumba ile kuna sharti moja tu, mama yangu alinipa nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Binadamu akija, kuku hutawanyika kwanza, ndipo hodi inafuata. Kuku wakitulia na hodi ikalia, huo ni msitu, na mwanamke wa nyumba ile ananyamaza. Unabisha, unachoka, unarudi kwake. Mimi umri wangu wote nimebishiwa hodi na nimenyamaza. Sikukufundisha kwa sababu wewe ni mtu wa kunyamaza. Nilijiambia, watoto wengine wote wana hatari hiyo, huyu hapana.

Tatu, la kufanya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako ana miezi. Mpe. Usimtukane, usimpige maji ya moto, usimwambie "nyumba yetu ni ndogo" huku unapiga miayo. Mwonyeshe kazi na umsimamie. Msitu ni mvivu kama hauna shughuli, ndiyo maana unaota ovyo.

Liko jambo jingine, lakini si la barua. Nitakwambia nikirudi.

Usinyamaze unapoufanyisha kazi. Kazi ya kimya inauudhi, unadhani umechukiwa.

Bibi yako


21 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na habari za huko dirishani? Natumaini kalamu haijafichwa tena. Matokeo yametoka. Nimefaulu, si sana, ila lugha zote mbili nimepata vizuri. Mtihani wa kuongea nilipata alama ya huruma.

Jembe nimelitoa. Nililiegemeza kwenye shina pale sebuleni, nikasema, "Karibu kazini." Nilijisikia mjinga kupita kiasi. Asubuhi jembe halikuwepo, na lile eneo la maharage lilikuwa limelimwa lote. Mistari imepinda, lakini mimi ni nani wa kuukosoa.

Tangu hapo naupangia msitu kazi kila siku baada ya uji. Nimeuonyesha ule ufa. Mzizi mmoja umeingia ukutani ukashika kama mkono unavyoshika kiuno, na ufa umefumba. Pale palipokuwa panavuja juu ya jiko, majani yamepangana vizuri kuliko bati. Maji kisimani sichoti tena. Kuna mmea mrefu unaotambaa unavuta ndoo, nami napokea tu. Mara moja uliniletea ndoo imejaa vyura. Nikasema hapana, vyura sivyo tulivyokubaliana. Ukarudisha.

Bibi, nakiri kitu kingine. Sijawahi kuongea hivi maishani. Naamka naongea, naosha vyombo naongea. Naueleza habari za shule, za yule msichana aliyenipa jina la Kabati, na majani yanatulia kabisa, yanasikiliza. Siogopi. Ninachoogopa ni kwamba siogopi.

Jana Mama Mayai alikuja, na kwa mara ya kwanza nikatoka.

"Heee! Kumbe una miguu!" akasema. "Mimi nilijua bibi yako kaacha sanduku."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmetembelewa, naona." Alikuwa anatazama juu, kwenye bati. "Mama yangu alinisimuliaga. Mgeni mzuri?"

"Anafanya kazi."

"Mayai leo hakuna?"

"Yapo."

Akapokea trei yake, akasimama, akazunguka maneno, kisha akasema, "Sasa mwanangu, nani atarudisha ziara?"

Nilipomuuliza ana maana gani alisema amesahau sufuria jikoni, akaondoka mbio, na yeye siku hizi hakimbii, ana magoti. Bibi, ni jambo gani lile lisilo la barua?

Mjukuu wako


6 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera ya mtihani. Mguu upo.

Mama Mayai mdomo wake hauna kifuniko. Haya, nitaandika.

Watu wakitembeleana, wanatembeleana. Aliyekuja kwako, nawe unakwenda kwake. Usipokwenda anaona umemdharau, na aliyedharauliwa haondoki; anachagua mwenyewe mtu wa kwenda naye. Anayekwenda lazima awe mwanamke wa nyumba, na aende kwa hiari yake.

Nilipokuwa msichana baba yangu aliitikia. Alikuwa mgeni pale, ameoa, sharti halijui. Msitu ukaja ukakaa, ukafika zamu ya kurudisha. Mama alikuwa na mimba kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa baada yake. Mdogo wangu akasema, "Dada, niache niende mimi, napenda kutembea." Kweli alipenda. Alikuwa na umri kama wako, msumbufu, mcheshi, akila lazima aimbe. Akabeba kikapu, akasema anarudi kabla sufuria halijachemka. Mama alikuwa akiongeza maji katika sufuria lile mpaka kuni zikaisha.

Hatukumtaja tena. Si kwa ubaya. Tukilitaja jina lake wote tulikuwa tunageuka kutazama mlango, na chakula kinapoa.

Wewe usiende. Nimekuambia. Nikirudi nitakwenda mimi, ndiyo sababu ya kutaka kurudi. Mwenye nyumba ni mimi, na ziara ni yangu. Wewe fanya fundi aone nyumba. Na huyo paa, siku hiyo asionekane.

Bibi yako


30 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimeisha, mbuzi amezaa, kadume. Baba Mkubwa alikuja juzi na fundi.

Paa alionekana. Nilimwomba aende matembezini, akaenda, akarudi kwa mlango wa mbele, akapanda kwenye kiti cha babu na kujikunja. Nikasema liwalo na liwe.

Baba Mkubwa alisimama mlangoni na kofia yake. "Nini hiki?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Nimeuliza nini hiki!"

"Ni mgeni," nikasema.

"Mgeni gani? Nyumba imeliwa na pori, mtoto ananiambia mgeni! Fundi, umejionea mwenyewe. Andika haikaliki twende zetu."

Fundi ni mtu mfupi mwenye penseli sikioni, wa wale wasioandika kitu kabla hawajakigonga. Akagonga ukuta wa sebuleni. Akaweka bega, akasukuma. Akatoka nje, akasukuma upande wa pili. Akapanda darini, akakaa huko muda hadi Baba Mkubwa akamwita kuuliza kama amelala. Alishuka na jani kichwani.

"Huu ufa ulikuwa mkubwa?" akaniuliza mimi.

"Mkono wangu ulikuwa unapita."

"Nani kaushona?"

Nikaonyesha mzizi. Akaukagua kama anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, kwa wivu kidogo.

"Mzee," akamwambia Baba Mkubwa, "nimejenga nyumba nyingi, na baadhi zimeanguka, sikufichi. Hii haianguki."

"Ina miti ndani!"

"Ya kwako ya mjini ina nyufa ndani."

"Sijakuita kwa habari ya kwangu. Inakalika au haikaliki?"

Fundi akamtazama paa kwenye kiti. "Mbona imekaliwa?"

Baba Mkubwa akakaa kwenye kigoda, jasho linamtoka. Hapo mmea mmoja ukateremka taratibu kutoka kwenye boriti, ukamvua kofia, ukaitundika kwenye msumari. Ndivyo mwenyeji anavyofanya. Bibi, mwanao ni mtu mzima, ana kitambi na watu wanaomwita mheshimiwa, lakini aliitazama ile kofia na uso wake ukawa wa mtoto. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa anatukataza kucheza huko nyuma. Kila siku alikuwa anatukataza, na hasemi kwa nini."

Halafu akasema atakurudisha. Ahadi ni ahadi. Nikataka kumshukuru, akanikatiza.

"Lakini ujue unachokipokea. Daktari alishasema tangu mwezi wa tatu. Mguu ule haukuunga. Hatatembea tena. Sasa wewe na mwili huo utamnyanyua?"

Bibi, kila barua umeniandikia "mguu upo". Mimi nilidhani ni utani wako. Sikujua kwamba ndiyo habari yenyewe yote.

Basi ziara huwezi kuirudisha. Huwezi kwenda kwa hiari yako ukiwa umebebwa mgongoni na Baba Mkubwa analalamika. Na usipokwenda utachaguliwa, wewe au mimi, na habari ya mguu wewe unaijua tangu mwezi wa tatu, na ukaniandikia "nitakwenda mimi". Ulikuwa umepanga kutambaa?

Samahani kwa swali hilo. Nimeliandika, silifuti.

Aliyesema karibu ni mimi. Nitakwenda Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Mbuzi nimemwachia Mama Mayai. Naogopa, Bibi. Msitu siuogopi, tumeshazoeana. Naogopa kufika mlangoni kwa watu na kuanza kusema hodi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na najua ni upuuzi.

Mjukuu wako


7 Juni

Mjukuu wangu,

Usiende. Nakukataza. Nimeshamzika mmoja bila maiti, wa pili sitaki. Nikuambie ukweli, ndiyo, nilipanga kutambaa. Ni hatua chache tu kutoka chooni na mimi mikono yangu ni mizima.

Kaa nyumbani. Ningojee.

Nimempa dereva mwenyewe mkononi, nimemwambia asisimame popote.

Bibi yako


14 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaisoma hii umekaa, na Baba Mkubwa yuko karibu. Mimi ni mzima. Nimeona niliseme hilo mapema, kabla ya salamu nyingine, unisamehe kwa kukosa mpangilio.

Barua yako ya kunikataza niliikuta mlangoni niliporudi. Kijana wa lori alikuwa ameiweka chini ya jiwe. Hakufungia karanga.

Nilibeba sukari, sabuni ya mche na kitenge kipya. Nilitaka kupeleka na kiberiti, nikaona si adabu. Nilipita nyuma ya choo, nikafika pale miti inapoanza kuwa minene, nikasimama. Nilisimama muda mrefu. Nikasema hodi ya kwanza, haikutoka, ilikuwa pumzi tu. Ya pili ilitoka, nikatamani kukimbia. Nikajua mtu akibisha mara ya tatu bila kujibiwa anaruhusiwa kwenda zake, na Mungu anisamehe, niliiombea ya tatu isijibiwe.

Ikajibiwa. "Karibu! Pita, pita, jihadhari na hilo tope."

Ni mwanamke, Bibi. Ni bibi kama wewe, na pua ni yako. Ana majani mawili matatu yameota begani, anayapunguza kwa mkono anapoongea kama mtu anayejitoa nyuzi kwenye nguo. Meno yote yapo. Alipokea sabuni akainusa, akafumba macho, akainusa tena.

Kisha akaniuliza, "Dada bado anakoroma?"

Nikasema ndiyo, mpaka mbuzi anashtuka. Akacheka mpaka akajishika mbavu, na kila kitu juu yetu kikatikisika.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi. Alionekana kuona haya. Alisema alikuwa anarudi, kweli alikuwa anarudi. Lakini kila akiinuka msitu unamwambia, kaa kidogo, hujala. Akila, unamwambia, ngoja jua lipungue. Na yeye kumkatalia mwenyeji anayemwomba vizuri hakuweza. Siku zikapita hivyo hivyo, mwisho akaona aibu hata kuulizia njia. Nikamwelewa, Bibi. Mimi nimewahi kulala kwa rafiki siku mbili kwa sababu sikujua nianze vipi kuaga.

Na mimi msitu uliniambia hivyo hivyo. Kaa kidogo. Hujala. Sauti nzuri, ya mtu anayekupenda, na nilianza kukaa. Nikakumbuka kwamba katika ile lugha ya shuleni mtu huaga mara moja, anageuka, na hakuna anayeona vibaya. Nikasimama nikaaga kwa lugha hiyo. Msitu haukujua ujibu nini. Ulikaa kimya kama mimi darasani. Nikaondoka.

Bibi Mdogo alinisindikiza mpaka kwenye tope. Yeye hawezi kutoka hivi hivi, ameshakuwa mtu wa huko. Lakini alinishika mkono akasema, "Nyinyi mmekuja. Sasa ni zamu yetu. Msitu huwa unaniuliza nani atumwe, safari hii nitajitaja mimi. Mwambie dada nakuja kumsalimia."

Nilipofika nyumbani sebule ilikuwa tupu. Mkeka upo mahali pake. Mzizi umebaki ukutani, nadhani kwa ajili ya fundi. Paa bado yupo, amehamia kitandani kwako, nitaongea naye.

Mjukuu wako


20 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeisoma mara ya kwanza, nikamwita mkamwana wangu anisomee, nikamnyang'anya, nikasoma tena. Wanasema presha imepanda. Iache ipande.

Amevaa nini? Hukusema amevaa nini. Nywele je, anasuka au anaziacha? Lile kovu la nyusi lipo? Alilipata kwa kuanguka nikimkimbiza. Anaimba bado akila, au hukumwona akila? Sauti yake iko vipi, mimi sauti imenipotea kabisa, uso ninao lakini sauti sina, na wewe umekaa nayo uso kwa uso ukaniandikia habari za sabuni. Umwambie nilitaka kwenda kumfuata na Mama akanishika. Hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Baba Mkubwa wako ananileta Jumapili. Anasema Jumapili ana kikao. Nimemwambia kikao kitakaa. Naja na kiti cha magurudumu cha kuazima, na nitakaa barazani, sitahitaji kunyanyuliwa na mtu.

Sasa nisikilize vizuri. Yule hana subira, hakuwahi kuwa nayo. Anaweza kuja kabla yangu. Kuku wakitulia na hodi ikalia, itikia. Itikia kwa nguvu. Mketishe, mpe chai, mwambie dada yuko njiani. Akisema ngoja nirudi kesho, usikubali, mfichie viatu. Kama siku hizi havai viatu, basi ongea naye. Ongea lolote, shule, mbuzi, yule msichana wa Kabati, ongea kama unavyoongea na ile miti, usinyamaze hata kidogo mpaka usikie gari.

Dada yake